Yule au Lile

Odessa Whitlow, mpelelezi wa utetezi, alirudisha rekodi nyuma kwa mara ya kumi na moja, akazibana hedifoni masikioni kwa viganja vyote viwili, akaanza upya. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Saa nane mchana Rasheed Gaskins angesimama mbele ya jaji, na kama nakala ya polisi ya rekodi hiyo ingepita jinsi ilivyoandikwa, kijana angerudi rumande kwa kesi ya mauaji. Kesi ya mauaji Philadelphia haina dhamana. Angekaa ndani mwaka, pengine miwili, akingoja zamu yake ya kusikilizwa.

Wakili wa Rasheed, Lindqvist, alikuwa akizunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mtu mwema Lindqvist, mchapakazi, lakini alizaliwa kaskazini kwenye theluji, na mjini hapa alikuwa na miaka miwili tu. Alikuwa amesoma nakala ile mpaka karatasi ikalegea.

"Isome tena," Odessa alimwambia.

Lindqvist akasoma. Jumatatu jioni mwenye nyumba mmoja, John Kessler, alitoweka. Mchana wa siku hiyo alikuwa amegombana na Rasheed mlangoni mwa duka alilompangisha bibi yake Rasheed, mtaa wa Kingsessing, na watu walisikia. Jioni, jirani alimwona Rasheed akisukuma mkokoteni kuelekea mtoni, na juu ya mkokoteni kitu kikubwa kimefunikwa blanketi. Jumanne asubuhi binamu yake Rasheed aliyefungwa alimpigia simu kutoka gerezani, na simu za gerezani hurekodiwa zote. Humo ndimo polisi walimpata Rasheed akisema: nilimtoa yule John dukani kwa bibi. Yule John mzito, mgongo umekatika. Nikamsukuma yule John mpaka mtoni. Yule John hataonekana na mtu tena. Usiseme. John. Hapo dakika kumi na tano zikaisha na simu ikakatika.

"Amekiri," Lindqvist alisema, akakaa. "Mimi ningekuwa jaji, ningemfunga leo hii."

"Hajakiri kitu. Hajasema John. Amesema jawn."

Lindqvist alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba maji si maji bali ni maji. Odessa akashusha pumzi. Sasa hapo ndipo penye mkosi wa lugha yao. Kiswahili kingemwokoa kijana huyu asubuhi na mapema, kwa kuwa kwetu mtu ni yule na kitu ni kile au lile, na hata mlevi hakosei. Kiingereza hakina adabu hiyo. Neno lao la kuonyeshea ni moja tu, la mtu, la mbwa na la sufuria. Kwa hiyo mzigo wote ulilalia irabu moja. Mtoto wa Philadelphia akitamka jina John hufungua kinywa kama anayemwonyesha daktari koo. Akitamka jawn hukusanya midomo kama anayepuliza chai. John ni mtu. Jawn ni dude, ni nanihii, ni kitu chochote ambacho msemaji hana haja au hana hamu ya kukitaja jina.

"Mimi sisikii tofauti," Lindqvist alikiri, na ilimuuma kukiri.

"Najua. Na aliyeandika nakala hakusikia pia. Nani aliiandika?"

Kampuni ya kuandika rekodi ilikuwa imempa kazi hiyo bwana mmoja wa mji mdogo wa Utah, Tanner Hatch. Odessa alimpigia simu, akaweka spika ili Lindqvist asikie. Tanner alikuwa mstaarabu, akamwita mama mara tatu katika sentensi mbili. Odessa akasema yeye atatamka maneno mawili, naye Tanner amwambie amesikia nini. Akapuliza chai, kisha akamwonyesha daktari koo.

"Umesema John mara mbili," akajibu Tanner.

"Sikiliza vizuri, mwanangu. Jawn. John."

"Ndiyo, mama. John, John. Huyo ndiye marehemu, sivyo?"

Lindqvist aliinua kichwa. Odessa alimwashiria anyamaze. Alimuuliza Tanner nani alimwambia kuna marehemu, naye akasema jalada lenyewe lilikuja limeandikwa mauaji juu yake, kwa herufi kubwa. Akamuuliza kuhusu maneno ya mwisho. Pale pa "usiseme", kabla ya John, yule kijana wa kwenye rekodi alinyamaza?

Tanner alifikiri. "Sikumbuki kama alinyamaza. Niliweka nukta kwa sababu bila nukta haileti maana."

"Bila nukta inakuwaje?"

"Inakuwa usimwambie John. Na John ameshakufa, mama."

Odessa alimshukuru, akakata simu, akarudisha rekodi sekunde tisa za mwisho. Mara nne za kwanza alisikia midomo ya chai, bila shaka hata chembe. Lakini mara ya tano, pale mwisho kabisa, kinywa kilifunguka. Alirudia. Kikafunguka tena. Rasheed alikuwa amesema John, John mtu, mwenye nyumba, kwa sauti safi kama kengele. Kwa dakika nzima Odessa aliona kesi imemponyoka mikononi. Kisha akasikia kilichokuwa kinasikika tangu saa mbili asubuhi. Maneno yale yalitoka kwa pumzi moja, na nukta haikuwapo. Usimwambie John.

"Mtu hamfichi siri maiti," akasema, akachukua koti. "Jumanne asubuhi Rasheed alijua John yuko hai. Mimi nakwenda Kingsessing nikatafute siri."

Bi Ernestine Gaskins alikuwa na miaka sabini na minne, na duka lake la kona lilikuwa na miaka thelathini na moja. Odessa alimkuta akipanga mayai, moja moja, kana kwamba mahakama ingeyakagua. Hakuacha kupanga. Alisema yote aliyojua ameshawaambia polisi, yaani hajui kitu, na kama Odessa ananunua anunue, kama hanunui mlango ni ule.

Odessa akanunua mkate wa chumvi uliopoa, akautafuna polepole akizungusha macho. Sakafu ya duka ilikuwa imefifia kote, isipokuwa kona ya nyuma karibu na soda. Hapo palikuwa na mraba unaong'aa kama mpya, na kwenye pembe zake nne mashimo madogo ya miguu ya kitu kizito. Ukutani, soketi ya umeme isiyo na waya. Mikwaruzo miwili ilitoka pale ikapita mpaka mlango wa uani. Lakini kilichomkera kilikuwa kiti. Kiti kirefu cha chuma, mto wake umechakaa kwa makalio ya watu, kimeelekezwa ukutani.

"Hapa palikuwa na nini, Bi Ernestine?"

"Friji la soda. Liliharibika."

"Na watu walikuwa wanaketi kulitazama?"

Bibi akapanga yai. Mlango ukalia, akaingia mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, Mzee Purnell, akasalimia huku miguu tayari inaelekea kona ile. Alifika, akasimama mbele ya ukuta mtupu. Kidole chake cha shahada kikacheza hewani mara mbili, chenyewe, kama kinabonyeza kitu.

"Ernestine," akasema kwa huzuni ya kweli, "jawn limekwenda wapi?"

"Nenda nyumbani, Purnell."

"Nauliza tu. Nilikuwa karibu kulipatia lile jawn."

"Nenda nyumbani, nimesema."

Mzee alikwenda. Odessa alimsindikiza kwa macho. Yeye mwenyewe alizaliwa mitaa sita kutoka pale, na alijua jinsi mtaa mzima unavyoweza kuwa na kitu mbele ya macho ya kila mtu kwa miaka bila mtu hata mmoja kukiita kwa jina lake. Ukishakiita jina, umekuwa shahidi. Ukikiita jawn, umepiga soga tu.

Alimweleza Bi Ernestine kwa sauti ya chini. Rekodi inasema jawn. Polisi wanasikia John. Bibi akitaja ni kitu gani kilichotoka kwenye ile kona, mjukuu anaweza kulala nyumbani leo. Mkono wa bibi ulisimama juu ya trei. Akasema aliahidi. Rasheed alimwapisha kwenye simu, kwa jina la marehemu mama yake, kwamba hatasema kitu, na kama Odessa ana adabu asimlazimishe mtu mzima kuvunja kiapo. Alipomaliza akachukua yai jingine. Odessa alitamani kumshika mkono, lakini bibi yule hakuwa wa kushikwashikwa.

Mikwaruzo ilimtoa uani. Gurudumu moja la mkokoteni lilikuwa bovu, limechora mstari mweupe kwenye lami, na Odessa aliufuata mitaa saba bila kuinua kichwa hadi kwenye majani ya ukingo wa mto Schuylkill. Hapo chini mto hukupwa na kujaa, na saa sita ile maji yalikuwa yamekupwa. Aliteleza, akachafua viatu alivyonunua kwa ajili ya mahakama, akalaani kwa lugha ambayo mama yake angempiga akiisikia. Polisi walikuwa wamepita ukingo huu Jumatano wakitafuta mwanadamu. Bila shaka walipita maji yakiwa yamejaa.

Hatua kumi toka ukingoni, pembe ya sanduku la chuma ilitokeza matopeni. Blanketi lilikuwa limenasa juu yake. Chini ya blanketi, kwenye plastiki ya njano, zilionekana saba tatu nyekundu na maneno ya kumtakia mchezaji bahati njema. Odessa akapiga picha nne, akacheka peke yake kwa hasira. Mashine ya kamari. Kwa duka lenye leseni ya mayai na mkate, mashine ya kamari ni kufuli mlangoni.

Chini ya mahakama, kwenye chumba cha mahabusu, Rasheed alizitazama picha kupitia kioo kisha akatazama pembeni. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mikono mikubwa, na siku tatu bila usingizi.

Alieleza haraka haraka, simu ya pale kiooni ameibana shavuni. John alikuja Jumatatu mchana akasema Alhamisi atakagua duka lote kabla ya kuandika mkataba mpya, maana amesikia maneno mtaani. Ndiyo wakagombana. Mkataba unakataza kamari, na jiji linakataza pia. Bibi alilichukua jawn lile kwa sababu biashara ilikuwa inakufa, na mwenye mashine aliahidi halitamletea shida. Basi Rasheed akaliondoa kabla ya Alhamisi. Ni hivyo tu. John alikwenda wapi baada ya hapo, hajui. Ana mwanamke huko pwani ya New Jersey, labda yuko huko amezima simu.

"Niruhusu nionyeshe picha," Odessa alisema.

"Hapana."

"Rasheed, ni mauaji."

"Bi Dess, mimi nimelelewa juu ya ile kaunta. Nimelala ndani ya boksi la chipsi nikiwa mchanga. Wakilifunga lile duka, bibi hamalizi mwaka." Akafuta uso kwa bega. "Wewe mtoto wa hapa. Panda pale, waambie jawn. Waelezee neno. Jawn tu, usitaje kitu kingine."

Mteja akikataza, mpelelezi wa utetezi amefungwa mdomo. Odessa alitia simu yake mkobani akafunga zipu. Alipanda ngazi akiwa na ushahidi begani na ruhusa hana.

Jaji Broadnax alizaliwa kaskazini mwa jiji, na rekodi ilipopigwa mahakamani Odessa alimwona akiinamisha sikio, kisha nyusi zikapanda. Karani naye alisikia. Askari wa mlangoni alisikia, akauma mdomo asicheke. Ni Lindqvist pekee aliyekaa na uso wa kanisani. Odessa alikula kiapo, akaeleza irabu mbili, akaeleza na nukta iliyotiwa Utah. Mambo yakawa mazuri, na yeye hakuyaamini.

Jaji alimuuliza neno lenyewe lilitoka wapi, kwa faida ya kumbukumbu. Odessa alisema baba yake, aliyekuwa akipiga sahani za muziki kwenye sherehe za mtaa, alidai lilitoka New York kwa sura ya "joint", likaja na nyimbo. Huko lilikuwa sifa ya kitu kizuri au mahali pazuri. Lilipofika hapa ncha yake ikadondoka, irabu ikanenepa, na watu wa hapa, ambao hawapendi kubagua, wakavipa jina hilo vitu vyote, vizuri na vibaya.

Kisha mwendesha mashtaka akasimama. Theresa DiSabato, mtoto wa Philadelphia ya kusini, baba yake muuza samaki. Odessa alimwona anavyotabasamu, akajiandaa.

"Nami nakubali," DiSabato alisema. "Ni jawn. Masikio ninayo. Bi Whitlow, gari ni jawn?"

"Ndiyo."

"Kiatu? Kikao hiki?"

"Mheshimiwa akinisamehe, ndiyo."

Watu wakacheka. DiSabato naye akacheka, akangoja watulie.

"Mwanamume?"

"Hapana. Wavulana huwaita wasichana hivyo, na mama zao huwakaripia. Mwanamume haitwi jawn. Tangu nizaliwe sijasikia."

"Mwanamume aliye hai."

"Ndiyo. Aliye hai."

"Na maiti?"

Odessa alimtazama Rasheed, akatazama mkoba wake kwenye kiti cha nyuma ya Lindqvist, zipu imefungwa. Alikuwa na jibu ambalo lingemfaa mteja na alikuwa na kiapo. Akajua pia kwamba jaji, mtu wa kaskazini mwa jiji, angejua kama anadanganya.

"Ukimfunika blanketi," akasema taratibu, "na hutaki kumtaja. Ndiyo. Mtu anaweza kusema."

"Na huyo John wa mwisho, wa kutoambiwa, mjini hapa kina John wako wangapi?"

"Wengi."

"Basi lile jawn lilikuwa nini, Bi Whitlow?"

"Siruhusiwi kusema."

DiSabato akakaa. Hakuhitaji kuongeza. Jaji Broadnax alivua miwani, akaifuta, na Odessa, aliyewaona majaji wengi wakifuta miwani, alijua maana yake. Lindqvist alikuwa amefumba macho.

"Lile jawn ni langu."

Bi Ernestine alikuwa amesimama safu ya tatu, koti la kanisani, mkoba tumboni. Rasheed aligeuka akasema bibi, keti, bibi, tafadhali. Hakuketi. Jaji alimwonya kwamba halazimiki, kwamba anaweza kupewa wakili kwanza, kwamba kila atakalosema linaweza kumrudia. Bibi alisema amesikia. Lindqvist akajikwaa kwenye kiti akiharakisha kumwita kizimbani, na bibi akaapishwa.

"Ni mashine ya kamari," alisema, na Odessa akahisi watu wa Kingsessing waliokuwa mle ndani wakivuta pumzi pamoja, kwa kuwa jina lile halikuwa limetamkwa mtaani kwa miaka miwili. "Ilikaa kona ya nyuma ya duka langu. Leseni yangu hairuhusu. Mkataba wa John Kessler hauruhusu. Nilijua. Mtoto aliitoa ili John asijue."

Odessa alimtazama Rasheed. Kijana alikuwa ameinamia meza, na kichwa chake kikakubali mara moja tu. Zipu ikafunguka. Picha zikapita kwa DiSabato, zikafika kwa jaji, saba tatu nyekundu kwenye tope. DiSabato alizikodolea macho muda mrefu, akasema, kwa haki, kwamba upande wake hauna la kuongeza leo. Jaji akasema kuna mtu hajapatikana na lazima apatikane, lakini mbele yake haoni ushahidi kwamba kijana huyu ameua mtu yeyote. Akamwachia. Karani aliandika neno kamari, na jina la duka, na anwani.

Odessa aliwangoja kwenye ngazi za nje, simu sikioni, akitafuta nyumba ya mwanamke wa pwani ya New Jersey ambaye hakuna aliyejua jina lake. John Kessler bado hakuwa popote, na hilo lilimwasha kama upele. Mlango ukafunguka. Rasheed alitoka amemshika bibi yake kiwiko, au bibi amemshika yeye.

"Ungenyamaza," alikuwa akimwambia, analia waziwazi. "Wasingejua lilikuwa nini."

"Walitaka kukufunga kwa sababu hawajui lilikuwa nini," Bi Ernestine alisema. Akamfuta shavu kwa leso, bila upole mwingi, kisha akamgeukia Odessa. Aliuliza watu wa leseni huchukua muda gani kufika na kufuli lao. Odessa akasema Jumatatu, pengine kesho.

Bibi alihesabu kichwani.

"Una gari? Pale dukani kuna trei sita za mayai. Twende tukayagawe."